Maombolezo Kabla ya Msiba

Wasifu uliosomwa kando ya kaburi la baba yangu mdogo ulikuwa na mistari sita. Wa nne ulisema: "Kazi yake ilikuwa mkulima." Sarufi ya sentensi hiyo ni mbovu, kwa kuwa kazi haiwi mkulima, kazi ni ukulima, na mkulima ni mtu. Lakini si sarufi iliyonikasirisha siku ile, na hasira yenyewe haijapoa hata leo ninapoandika. Marehemu alilima kama alivyolima kila mtu wa Mlandege, pale Iringa, mahindi na maharage nyuma ya nyumba. Kazi yake ilikuwa kutunga na kuimba maombolezo ya wafu kwa Kihehe, na aliifanya tangu kabla sijazaliwa. Aliyeandika wasifu ule, kaka yangu mkubwa, alilijua jambo hilo kuliko mimi.

Ili kisa kieleweke sina budi kuanzia Mbeya, na kutoka Mbeya niende mbali zaidi, katika nchi ambayo sijawahi kuikanyaga.

Katikati ya miaka ya sabini nilikuwa nikifundisha Kiswahili katika shule moja ya sekondari mjini Mbeya. Kilatini, ambacho nilikisoma seminari kwa miaka saba na ambacho ningependa kukifundisha, hakikuwa tena na nafasi katika ratiba. Katika nyumba za walimu nilipakana na mwalimu wa jiografia, mwanamke wa makamo aliyetoka Welisi, nchi jirani ya Uingereza yenye lugha yake. Kila mtu alimwita Mwingereza. Siku moja, katika chumba cha walimu, mkuu wa shule alimtambulisha kwa wageni kwa jina hilo.

"Samahani, Mkuu," mwanamke yule alisema. "Wewe ni Mnyakyusa?"

"Mimi? Mimi ni Mhehe!" mkuu alijibu, karibu akasirike.

"Na mimi vilevile."

Walimu walicheka mpaka chai ikamwagika. Kuanzia wiki ile tulikubaliana, yeye na mimi, kubadilishana lugha kila Jumamosi baada ya chakula cha mchana: mimi nimfundishe Kiswahili kwa utaratibu, yeye anifundishe lugha ya mama yake. Hakuwa na kitabu cha sarufi. Alikuwa na kitabu kimoja tu, jalada lake limelegea, alichorithi kwa babu yake mchimba mawe: mashairi ya mtunzi mmoja wa Kiwelisi aliyeishi karne ya kumi na tano. Hicho ndicho kilichokuwa kitabu changu cha kwanza cha Kiwelisi, na cha mwisho.

Sitamtaja mtunzi huyo kwa jina, kwa kuwa simwandikii wasifu. Nitasema alivyoishi. Alizaliwa katika nyumba ya watu wenye ardhi kidogo. Hakujifunza utunzi kwa kusoma vitabu. Alijifunza kwa mdomo, miaka mingi, chini ya mwalimu aliyemkaririsha nasaba, hadithi za kale na kanuni za sauti, hadi watunzi wenzake walipokutana kumpima na kumpa daraja. Baada ya hapo alisafiri kwa farasi kutoka nyumba hadi nyumba za wenye mashamba, hasa nyakati za sikukuu. Aliingia, akakalishwa, akalishwa, kisha akaisifu nyumba: kuta zake zilizopakwa chokaa, nyama yake, mama mwenye nyumba. Walipomnyima aliwasema pia, na nyumba iliyosemwa haikusahaulika kwa vizazi. Bwana alipokufa, alimwombolezea. Hakuna aliyeandika mtunzi mwenyewe alizaliwa lini wala alizikwa wapi. Yote yanayojulikana kumhusu yamechujwa kutoka katika mashairi yake.

Kilichonishika zaidi ni ufundi. Mstari wa kawaida wa mashairi yale una silabi saba. Katikati ya mstari kuna mkato, na konsonanti za kipande cha kwanza hurudi katika kipande cha pili kwa mpangilio uleule, huku vokali zikibadilika. Nilimwambia mwalimu wangu kwamba jambo hilo haliwezekani kwa Kiswahili. Alinitazama kwa dharau ya mtu aliyekulia kwenye mawe. Nikarudi nyumbani, nikakaa juma zima, na Jumamosi iliyofuata nikampelekea mstari mmoja:

Kalima ni kilimo.

Silabi saba. Yaani, neno ni ukulima wa shamba. K, l, m upande huu. K, l, m upande ule. Ile n iliyobaki katikati bila mwenzake ilinisumbua, lakini aliniambia kwamba kanuni zao huisamehe n, na n peke yake, kusimama bila kujibiwa. Nilifurahi kama mtoto. Nilikuwa sijui bado ni nani niliyekuwa namwandikia.

Kisha tukafika kwenye shairi la maombolezo ambalo ndilo asili ya yote. Mtunzi wetu anamlilia rafiki yake, mtunzi mwenzake: amekufa, kinubi kimenyamaza, nyumba zimefunga milango. Machozi ni mengi kupita kiasi. Chini ya ukurasa, kwa herufi ndogo, palikuwa na tanbihi: rafiki huyo alikuwa hai siku shairi lilipotungwa, na aliishi miaka mingi baadaye. Mwalimu wangu alieleza kwamba hiyo ilikuwa desturi. Watunzi waliombolezana wakiwa wazima, mara kwa utani, mara kwa mapenzi, ili mwenyewe asikie. Ukurasa wa pili una jibu la huyo anayeliliwa, akilalamika kwamba machozi aliyopewa hayatoshi.

Likizo ya Desemba nilipanda basi kwenda Iringa. Niliteremka Ipogolo, barabarani, nikapanda mlima kwa miguu hadi mjini na kufika Mlandege nimelowa mvua. Baba mdogo alikuwa ameketi barazani na ulanzi wake, pombe ya mwanzi, mbele yake.

"Kamwene, baba."

"Kamwene. Mwalimu wa lugha za wafu! Umeleta habari gani za Warumi?"

"Warumi hawajambo. Safari hii nimeleta mwenzako."

Nikamsimulia habari za mtunzi wa Welisi. Alisikiliza kama fundi anavyosikiliza habari za fundi mwingine, akikatiza mahali ambapo mtu wa kawaida asingekatiza. Walimlisha nini? Nilijibu: nyama ya kondoo, na pombe ya asali. Aliuliza maswali kabla ya kuimba? Nikasema kitabu hakielezi.

"Lazima aliuliza," alisema. "Mimi nikifika kwenye msiba nauliza kwanza nani hakumpenda marehemu. Huyo ndiye anayemjua. Anayempenda atanidanganya."

Hapo nilimweleza ile desturi ya kumlilia mtu angali mzima. Aliweka chini kikombe chake cha mwanzi.

"Akiwa hai?"

"Akiwa hai, baba. Na akasikia kwa masikio yake."

"Akasemaje?"

"Alisema machozi hayatoshi."

Alicheka mpaka akakohoa, nami nikamshika mgongo. Alipotulia hakuwa akicheka tena. Alisema kwamba amewaimbia watu wa kila ukoo kutoka pale hadi mtoni, na kwamba yeye hana wa kumwimbia. Ilikuwa kweli tupu. Hakuna aliyejifunza kwake. Wakubwa waliokuwa wakimwita hawakuwa wakubwa tena, na vijana walitaka kwaya. Mwaka mmoja kabla, afisa mmoja wa utamaduni alikuwa amefika kukusanya sanaa za jadi, akamuuliza kama ana ngoma. Alijibu hana, yeye ana maneno. Afisa akaandika "hana", akaondoka.

"Nitungie," baba mdogo aliniambia. "Nitungie kama huyo Mwelisi. Lakini nisikie, si mniimbie nimezibwa masikio kwa udongo."

"Kwa Kihehe sina ufundi, baba."

"Kwa Kiswahili chako hichohicho. Nikisikia nitajua kama ni kweli."

Nilitunga mistari arobaini kwa muda wa miezi mitatu. Nilihesabu silabi kwa vidole mpaka wanafunzi wakanikejeli. Konsonanti zilinikubali katika mistari michache tu, lakini idadi ya silabi niliishikilia, isipokuwa mahali pamoja paliponishinda. Kila nilipoandika kitenzi cha wakati uliopita, mstari ulizidi kwa silabi moja. *Alifika bila ngoma*: nane. *Aliuliza wenyeji*: nane. Nilijaribu kukata, nikashindwa, nikahitimisha kwamba Kiswahili ni lugha pana mno kwa kanuni ile. Niliandika hitimisho hilo katika daftari langu kwa maneno ya kitaalamu, na kulipigia mstari. Daftari ninalo.

Likizo ya Pasaka nilirudi Mlandege na karatasi yangu. Baba mdogo alikuwa amekonda. Aliniambia nisubiri kidogo, kwa kuwa kaka yangu alikuwa njiani kuja kumsalimu. Hilo ndilo kosa la kwanza: nilisubiri. Kaka yangu aliishi Ipogolo, alikuwa mjumbe wa nyumba kumi, na tangu baba yetu alipofariki yeye ndiye aliyekuwa mwenye kauli katika ukoo. Alifika, akasalimu, akaona karatasi mezani, akaichukua kama mtu anayechukua barua yake. Alisoma mstari wa kwanza, kisha wa pili. Rangi ilimbadilika.

"Nini hii? 'Alifika.' 'Aliuliza.' Ali, ali, ali! Nani alifika? Si huyu hapa amekaa?"

Nilimweleza. Nilimweleza vizuri mno, nikianzia karne ya kumi na tano.

"Wazungu wakijizika wangali hai, wewe inakuhusu nini?" alisema. "Unataka kumzika baba mdogo kabla ya siku zake?"

"Mimi ndiye niliyemwagiza," baba mdogo alisema.

"Wewe, baba, umezeeka. Hujui unachoagiza."

Napaswa kueleza hofu ya kaka yangu ilikotoka, maana sikuieleza siku ile wala sikutaka kuikumbuka. Baba yetu alipokuwa amelazwa hospitalini, zililetwa habari za uongo kwamba amekufa. Kaka alizipokea, akaamuru kilio kianze, akina mama wakalia nyumbani kutwa nzima. Baba alikuwa hai kitandani. Alifariki wiki ileile. Tangu hapo kaka yangu hakukubali mtu aliye hai atajwe kwa neno lolote la msiba, hata kwa utani. Niliyajua haya yote. Niliyaita ushirikina, tena mbele yake, na kwa Kiswahili fasaha.

Kisha, na hapa lazima nimtendee haki, alitafuta njia.

"Sikiliza, mdogo wangu. Toa hizo 'ali'. Weka 'ni'. Weka 'ana'. Msifu tu, kama wanavyosifiwa watu wote. Hapo soma hata kutwa nzima, nami nitapiga makofi."

"Hiyo itakuwa sifa, si maombolezo."

"Kwani tofauti yake nini?"

"Wakati, kaka. Tofauti yake ni wakati wa kitenzi."

"Wakati wa kitenzi!" Alimgeukia baba mdogo. "Umesikia? Mtoto amesomeshwa na mapadri miaka saba, amerudi anagombania ali na ana!"

Baba mdogo hakucheka. Alisema taratibu kwamba sifa anazo, ametunga mwenyewe za kutosha watu wa wilaya nzima. Anachotaka ni ile ya mwisho. Kaka akakunja karatasi, akaitia mfukoni mwa koti, akasema kwamba mzee anahitaji uangalizi na kwamba kesho atamhamishia kwake Ipogolo. Nilikuwa na nakala. Mtu kama mimi huwa na nakala. Lakini Ipogolo sikuruhusiwa kukaa na mzee bila mtu wa tatu, na kaka alimweka mkewe mlangoni, shemeji yangu mpole, na ukindu wake wa kusuka mkeka, akiniomba radhi kwa macho kila nilipopita.

Kwa siku nne nilizokuwa nazo ningeweza kumsomea mzee mstari mmoja. *Kalima ni kilimo* haukuwa na wakati wowote. Ndani yake hakuna *ali*. Shemeji angeusikia, asingeona kosa. Sikuusoma. Niliona kwamba kutoa mstari mmoja kati ya arobaini ni kuiharibu kazi, na kwamba kazi ikisomwa isomwe nzima. Nilishikilia hoja hiyo kama mtu anayeshikilia kipande cha kamba akidhani ng'ombe angali amefungwa upande wa pili. Siku ya kuondoka baba mdogo aliniuliza, mbele ya shemeji, kama mstari wa mwisho una machozi ya kutosha. Nikamwambia yapo. "Basi usipunguze," alisema.

Nilirudi Mbeya. Mwezi wa sita niliitwa kwa simu ya ofisi ya shule, nikafika Ipogolo siku ya mazishi yenyewe.

Watu walikuwa wengi. Kila ukoo aliouimbia ulileta watu wake, na wote walisimama kimya, kwa kuwa aliyezoea kuanza alikuwa ndani ya jeneza. Kaka yangu alitoa karatasi. Alisoma wasifu kwa sauti ya mikutano: marehemu alizaliwa, marehemu alibatizwa, marehemu alioa, kazi yake ilikuwa mkulima, marehemu alianza kuugua, marehemu alifikwa na mauti. Mistari sita, na ndani yake *ali* zote nilizokatazwa. Nilisikia neno *mkulima*, nikasikia k, l, m zikilia ndani yake, na nikajua kwamba kaka yangu, bila kujua lolote kuhusu kanuni za Wawelisi, alikuwa amechukua mstari wangu uliofaulu kuliko yote na kuubakishia kipande cha pili. Kalima imetoka, kimebaki kilimo.

Alipomaliza, aliingiza mkono katika mfuko mwingine wa koti. Akatoa karatasi yangu, iliyokunjwa palepale ilipokunjwa Pasaka.

"Mdogo wangu ni mwalimu," aliwatangazia watu. "Alimwandikia mzee maneno. Mimi nilimzuia, kwa sababu wakati wake haukuwa umefika. Sasa umefika." Akanikabidhi. "Soma. Sasa hizo 'ali' si ni kweli?"

Ninajua alikusudia wema. Macho yake yalikuwa mekundu. Nilitazama karatasi. Kila kitenzi ndani yake kilikuwa sahihi sasa, na palepale kikawa bure. Shairi lililotungwa ili mtu alisikie lilikuwa limegeuka maombolezo kama maombolezo mengine yoyote, tena mabaya kuliko yale ambayo marehemu angeyatunga mwenyewe.

"Sisomi," nilisema.

"Husomi?"

"Aliyeliagiza hasikii."

Manung'uniko yalipita kama upepo kwenye mahindi. Bibi mmoja, karibu nami, alisema kwa Kihehe kwamba ndiyo shida ya kusoma sana. Kaka yangu alinisogelea.

"Ulipokatazwa ulitaka," alisema kwa sauti ya chini. "Unaporuhusiwa hutaki. Elimu gani hii?"

Nilimjibu neno ambalo sitaliandika. Alikuwa kaka yangu mkubwa, na tulikuwa kaburini. Hatukusemeshana tena mpaka mwaka ulipogeuka, na hata tulipoanza kusalimiana hatukuligusa jambo lile.

Jumamosi ya kwanza baada ya kurudi Mbeya nilikwenda kwenye somo kama kawaida, kwa kuwa sikujua kufanya jambo lingine lolote siku ya Jumamosi. Mwalimu wa jiografia alinipa pole, akapika chai katika birika lake, akaniuliza kama mzee alipata kusikia. Nikamweleza kila kitu: karatasi, *ali*, *ana*, shemeji mlangoni, wasifu. Nilizungumza kwa hasira, na hasira ile nilikuwa nimeielekeza kwa kaka yangu peke yake. Alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akakunja uso kama mwanafunzi anayeogopa kukosea.

"Lakini kwa nini hukutumia *hu*?"

"*Hu* gani?"

"*Hu* yako. Ulinifundisha wewe mwenyewe, mwezi wa pili. Ulisema: *hufika, huuliza, hula*. Ulisema haina wakati, na haina mtu. Aliye hai na aliyekufa wote wanakaa ndani yake." Alifungua daftari lake, akanionyesha. Sentensi ile ya mwisho ilikuwa yangu, neno kwa neno, kwa mwandiko wake wa kitoto.

Niliweka kikombe mezani, nikatoka bila kuaga. Huyo ndiye mtu wa pili niliyemkosea adabu mwaka ule, na yeye hakuwa na hatia yoyote.

Nyumbani nilitoa karatasi. Nilifuta *ali* ya kwanza, nikaandika *hu* juu yake. *Hufika bila ngoma.* Nikahesabu kwa vidole. Saba. Nikaenda kwenye mstari wa pili. *Huuliza wenyeji.* Saba. Niliendelea hadi wa arobaini, na kila mstari uliokuwa umezidi kwa silabi moja ulikaa mahali pake, kama kigingi katika tundu lake. Kwa miezi mitatu kanuni za mtunzi yule wa karne ya kumi na tano zilikuwa zikiniambia, mstari baada ya mstari, kwamba kitenzi ni kibaya, nami nikaandika katika daftari langu kwamba lugha ndiyo mbaya. Kaka yangu asingepata la kupinga. Shemeji angeendelea kusuka ukindu wake. Mzee angesikia yote, na angesema kama machozi yanatosha au hayatoshi.

Nilikaa na karatasi ile mbele yangu mpaka chai niliyoiacha kwa jirani ikaletwa mlangoni kwangu, ndani ya birika lilelile, imepoa.